Neno na Jirani Yake: Mwongozo Kamili wa Maswali ya Nahau na Uteuzi wa Maneno Katika Mtihani wa Kiingereza

Soma sentensi hii taratibu: “Her opinion is different with mine.” Ukiigeuza kwa Kiswahili inapita bila kikwazo: maoni yake ni tofauti na yangu. “Na” imekuwa “with”, na maana haina utata wowote. Hata hivyo mtahiniwa anayeiacha ipite anapoteza alama, kwa kuwa “different” hukaa na “from”. Ukimuuliza mzawa wa lugha sababu yake, mara nyingi atakujibu tu kwamba ndivyo inavyosemwa.

Maswali ya nahau na uteuzi wa maneno yamejengwa hapo hapo. Hayakuulizi sana neno lina maana gani, yanakuuliza neno hilo linaishi na nani. Nimefundisha watu wenye msamiati mpana, wanaosoma magazeti ya Kiingereza bila kufungua kamusi, na bado sehemu hii iliwaangusha. Walikuwa wamejifunza maneno mojamoja, kama mtu aliyekariri majina ya watu wote wa mtaa bila kujua nani ni ndugu wa nani.

Hatua ya 1: Tazama majibu kabla ya kusoma sentensi

Kila mtihani una sura yake. Katika mitihani ya Cambridge ya B2 First (ngazi ya juu ya kati) na C1 Advanced (ngazi ya juu), sehemu ya kwanza ya matumizi ya lugha ina mapengo 8, kila moja na majibu manne. Sehemu ya pili ina mapengo 8 yasiyo na majibu, na mengi hudai vijineno vidogo kama “of”, “to” au “such”. Sehemu ya nne inakupa sentensi 6 za kuandika upya kwa kutumia neno ulilopewa, bila kulibadilisha hata herufi. B2 inaruhusu maneno mawili hadi matano, C1 matatu hadi sita, na kifupisho kama “don't” huhesabiwa maneno mawili. TOEFL ITP, toleo la mtihani wa TOEFL linalofanyika kupitia vyuo na taasisi, ina maswali 40 ya muundo kwa dakika 25, na 25 kati yake ni ya kutafuta kosa katika maneno yaliyopigiwa mstari. Hiyo ni kama sekunde 37 kwa swali, kwa hiyo huna muda wa kutafsiri sentensi nzima kichwani.

Palipo na majibu manne, anza nayo. Yatakuambia swali ni la aina gani. Ukiona vihusishi vinne, mfano “of, to, for, with”, swali ni la ujirani: tafuta neno linalodai kihusishi. Ukiona maumbo ya kitenzi kimoja, “to see, seeing, see, seen”, mwenye kuamua ni neno lililo kabla ya pengo. Ukiona maneno ya ukoo mmoja, “economic, economical, economy, economist”, kwanza amua pengo linataka nomino au kivumishi, kisha maana. Na ukiona maneno manne yanayofanana maana, usihangaike kutafuta tofauti za kina kati yao. Angalia kilicho kulia na kushoto.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye kuamua

Tuchukue swali moja tulifungue lote.

“The new law had little ______ on the price of fuel.” Majibu: “affect”, “effect”, “result”, “consequence”.

Kwa maana, yote manne yanazunguka jambo lile lile: kitu kimetokea kwa sababu ya kingine. Mwanafunzi anayetafsiri anapata “sheria mpya ilikuwa na matokeo kidogo” na kuweka “result”. Sasa weka tafsiri kando. Kabla ya pengo kuna “had little”, kwa hiyo tunahitaji nomino, na “affect” kwa matumizi ya kawaida ni kitenzi. Limetoka. Baada ya pengo kuna “on”, na huyu ndiye mwenye kuamua. “Result” huenda na “of” au, likiwa kitenzi, na “in” au “from”. “Consequence” huenda na “of” au “for”. Linalosimama na “on” ni “effect”, na hata “have” iliyotangulia ni mwenza wake wa siku zote: “have an effect on”.

Kilichofungua swali ni kijineno cha herufi mbili ambacho wengi hukiruka kwa macho. Jizoeze kukizungushia duara.

Swali la kutafuta kosa linafanyika vivyo hivyo. “The manager insisted to see the receipts before he agreed to sign the letter.” Hapa kuna vitenzi viwili vyenye “to” mbele yake, na mtungaji ameviweka pamoja makusudi ili sikio lako lizoee sauti moja. “Agreed to sign” ni sahihi. “Insisted” haikubali hivyo, inadai “on” na umbo la “-ing”: “insisted on seeing”. Ukipita sentensi hii kwa kuisoma kama hadithi, kosa halionekani. Ukisimama kwenye kila kitenzi na kuuliza “wewe unamtaka nani?”, linajitokeza lenyewe.

Hatua ya 3: Jua Kiswahili kinakuvutia wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa makosa mengi ya msemaji wa Kiswahili hayatoki kwenye uzembe. Yanatoka kwenye lugha yake, tena kwa mpangilio unaotabirika. Ukiyajua mapito yake unaweza kuyazuia kabla hayajatokea.

La kwanza ni kiunganishi “-a”. Kiswahili kina jibu la swali, ufumbuzi wa tatizo, sababu ya kuchelewa, ongezeko la bei, shambulio la mji, tiba ya ugonjwa. Vyote vinabebwa na “-a” ile ile, na mkono unaandika “of” kila mahali. Kiingereza kimegawanya kazi hiyo kwa watu wengi: “answer to”, “solution to”, “key to”, “reason for”, “cure for”, “demand for”, “increase in”, “attack on”. “Of” inabaki na baadhi tu, kama “lack of” na “cause of”. Kwa hiyo kila unapotaka kuandika “of” kwa sababu Kiswahili kina “-a”, simama.

La pili ni vitenzi vyetu vinavyomeza kihusishi. Tunasema nisikilize, ningoje, nitafute, nitegemee. Mtendwa yumo ndani ya kitenzi, hakuna neno la kati. Kiingereza kinalidai: “listen to me”, “wait for me”, “look for me”, “depend on me”. Pia tunasema nieleze kama tunavyosema niambie, lakini Kiingereza hukubali “tell me” na kukataa “explain me”. Lazima iwe “explain it to me”. Na “alinishauri niende” huzaa “he suggested me to go”, ambayo ni kosa. Ni “he advised me to go”, au “he suggested that I go”.

Halafu kuna upande wa pili wa mtego huo, na huu ulinigharimu mimi mwenyewe alama nilipokuwa mtahiniwa. Niliandika “discuss about the problem” na “emphasize on the need”, kwa sababu nilikuwa nimesikia “discussion about” na “emphasis on” mara nyingi. Sikuwa nimegundua kwamba nomino huchukua kihusishi na kitenzi cha ukoo huo huo hukikataa. Tangu nilipogundua, nimewafundisha wanafunzi kuyaandika mawili mawili:

“a discussion about the plan”, lakini “discuss the plan”;
“an emphasis on speed”, lakini “emphasize speed”;
“a request for help”, lakini “request help”;
“an influence on children”, lakini “influence children”;
“a lack of water”, lakini “lack water”;
“an answer to the letter”, lakini “answer the letter”;
“entry into the room”, lakini “enter the room”.

Watungaji wanaupenda mtego huu. “Request for”, “lack of” na “enter into” huonekana sana kwenye maneno yaliyopigiwa mstari, na ni rahisi kuyanasa ukijiuliza tu: hapa neno hili ni nomino au kitenzi? Ila “enter into” ni sahihi pale mtu anapoingia mkataba au makubaliano: “enter into an agreement”.

La tatu ni “na” yetu. Amefanana na babaye, ameolewa na fundi, ni tofauti na wengine. “Resemble” haitaki kihusishi chochote. “Married” inataka “to”. “Different” inataka “from”. Utasikia Waingereza wakisema “different to” na Wamarekani “different than”, lakini “different from” inakubalika pande zote mbili, basi iweke hiyo.

La nne ni viunganishi viwili kwa kazi moja. “Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja” ni Kiswahili cha kila siku. “Although he was ill, but he came” ni kosa la wazi, kwani Kiingereza kinataka kimoja tu, “although” au “but”. “Because” na “so” katika sentensi moja ya namna hiyo ni kosa lile lile. Na kumbuka “despite” haina “of”. Yenye “of” ni “in spite of”.

Hatua ya 4: Mwite Kiswahili akusaidie

Si haki kukilaumu Kiswahili peke yake, maana kuna mahali kinatofautisha vizuri kuliko vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza.

“Rise” na “raise” zinachanganya watu dunia nzima. Sisi tuna panda na pandisha. Bei ilipanda: “the price rose”. Walipandisha bei: “they raised the price”. Ukiweza kutia kiambishi cha kufanyiza, “-sha” au “-za”, bila kuharibu maana, basi unataka “raise”. Kipimo hicho hicho kinafanya kazi kwa “lie” na “lay”: lala na laza. “She lay on the floor” ni alilala sakafuni. “She laid the child on the bed” ni alimlaza mtoto kitandani. Hatari ya pekee hapa ni kwamba wakati uliopita wa “lie” ni “lay”, neno lile lile linalomaanisha laza kwa wakati uliopo. Kwa hiyo andika safu zote mbili na uzisome kwa sauti: “lie, lay, lain” na “lay, laid, laid”. Kumbuka na kumbusha ni “remember” na “remind”. Jifunza na fundisha ni “learn” na “teach”. Hata anguka na angusha zipo: “fall”, na “to fell a tree”, kuangusha mti, ambayo watu huiona wakadhani ni kosa la chapa.

Mahali pekee ambapo kipimo hiki kinakuacha ni azima, kwani azima inakwenda pande zote mbili. Hapo tumia kopa na kopesha. Kopa ni “borrow”, kopesha ni “lend”, na “borrow me your pen” itakuwa “nikope kalamu yako”, jambo ambalo mwenyewe utaona halisemeki.

“Fewer” na “less” ni chache na kidogo. Vitabu vichache, “fewer books”. Maji kidogo, “less water”. Isipokuwa unapopima umbali, muda au fedha kama jumla moja, ambapo Kiingereza hutumia “less”: “less than ten years”. “Number” na “amount” ni idadi na kiasi: idadi ya watu, kiasi cha maji. Na lile tatizo la “affect” na “effect” linaisha siku unapoona kwamba Kiswahili kimelitatua kwa irabu moja: athiri ni kitenzi, athari ni nomino.

Kuna pia “used to”. “He used to work at night” ni alikuwa akifanya kazi usiku, sasa ameacha. “He is used to working at night” ni amezoea. Kwa nini ya pili ina “-ing”? Kwa sababu “to” yake ni kihusishi. Kipimo ni kuweka nomino baada ya “to”. “I look forward to the meeting” inakubalika, kwa hiyo sema “look forward to meeting you”. “I object to the fee” inakubalika, kwa hiyo “object to paying”. Lakini “I decided to the meeting” haisemeki, kwa hiyo baada ya “decided to” kitenzi kinabaki kitupu: “decided to meet”.

Hatua ya 5: Tumia kichwa cha neno kukisia mkia

Maneno mengi ya Kiingereza rasmi yametoka Kilatini, moja kwa moja au kupitia Kifaransa, na kiambishi cha mwanzo kina maana yake. Mara nyingi kihusishi kinachofuata ni mwangwi wa maana hiyo. Sijaona msaada mkubwa kuliko huu kwa mtu anayekutana na neno asilolijua vizuri.

“Con-” na “com-” zina maana ya pamoja, na “with” hufuata: “comply with”, “coincide with”, “consistent with”, “compatible with”. “Col-” ya “collaborate with” ni ile ile iliyobadilika kufuata herufi inayofuata.

“Ex-”, “ab-”, “dis-” na mara nyingi “de-” zinaashiria kutoka au kwenda mbali, na “from” hufuata: “exclude from”, “exempt from”, “abstain from”, “absent from”, “differ from”, “deviate from”, “deter from”.

“Ad-” ni kuelekea, na “to” hufuata: “adhere to”, “adjacent to”, “adapt to”. Hujificha pia kama “ac-” au “at-”: “accustomed to”, “attach to”.

“In-” na “im-” zikiwa na maana ya ndani hufuatwa na “in”: “include in”, “invest in”, “immerse in”. Lakini “in-” ya “independent” ni ya kukanusha, haihusiki hapa.

Ongeza kikundi kidogo kilichobaki na desturi ya Kilatini ya kulinganisha: “superior”, “inferior”, “senior”, “junior” na “prior”. Vyote vinakwenda na “to”, kamwe si “than”, na “more superior” ni kosa kwa kuwa ulinganishi umo tayari ndani ya neno. “Prefer” inafuata njia hiyo hiyo: “prefer walking to driving”.

Hii ni dira ya kukisia unapokwama. Walioasi wapo na ni wa kukariri: “consist of”, “conscious of”, “conform to”, “deprive of”, na ukoo wenye vurugu wa “depend on”, “dependent on” lakini “independent of”.

Hatua ya 6: Jozi zinazotenganishwa

Hii ni fupi kwa sababu ukishaijua haisumbui tena. Kuna maneno yanayotembea mawili, na mtungaji humwacha mmoja na kumbadilisha wa pili mbali kidogo, baada ya maneno mengi ya kukusahaulisha. “No sooner had the train left the station when it began to rain.” Kosa ni “when”. “No sooner” humtaka “than”, na “hardly” au “scarcely” ndiyo humtaka “when”. Wengine ni “neither” na “nor”, “not only” na “but also”, “between” na “and”, “from” na “to”, “the same” na “as”. Ukiona wa kwanza, shusha jicho hadi umpate wa pili kabla ya kusoma chochote kingine.

Hatua ya 7: Nahau zenyewe

Sasa maneno yanayoitwa nahau hasa, ambapo maana ya jumla haipatikani kwa kujumlisha maneno. Msemaji wa Kiswahili ana faida ya kuijua hali hii tangu utotoni. Hakuna anayesikia “amekula chumvi nyingi” akadhani mtu huyo anahitaji maji ya kunywa.

Faida hiyo hugeuka kuwa mtego pale nahau ya Kiingereza inapotumia picha ile ile kwa maana nyingine. Kwetu kutia chumvi ni kuongeza maneno. “Take it with a pinch of salt” ni kusikia jambo bila kuliamini lote. Kwetu kuvunjika moyo ni kukata tamaa. “Heartbroken” ni mwenye huzuni kubwa, na kukata tamaa ni “lose heart”. Kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi. “The long arm of the law” ni uwezo wa dola wa kumfikia mkosaji popote alipo. Jibu lenye maana ya nahau ya kwako litakuvuta, nawe ulitilie shaka kwanza.

Usipoijua nahau, fanya hivi. Ifunike kwa kidole na usome kilichobaki.

“After three failed interviews, Peter was ready to throw in the towel, but his sister talked him out of it.” Majibu: “take a rest”, “give up”, “lose his temper”, “clean himself up”.

Bila nahau tunabaki na mtu aliyeshindwa mara tatu, kisha “but”, kisha dada yake aliyemshawishi asifanye jambo hilo. Kwa hiyo ni jambo baya, linalofuata kushindwa, na linalohitaji uamuzi. “Clean himself up” limetoka kwanza. Karibu kila swali la nahau lina jibu linaloshika maneno kama yalivyo, na hapa “towel” ni taulo. “Take a rest” si baya la kumfanya dada aingilie. “Lose his temper” hutokea ghafla, watu hawajiandai kukasirika. Inabaki “give up”. Na ndivyo ilivyo: katika ndondi, upande wa bondia aliyezidiwa hurusha taulo ulingoni kukubali kushindwa.

Kujua nahau ilizaliwa wapi husaidia zishike. Ndondi imeleta pia “below the belt”, kumfanyia mtu isivyo haki, na “on the ropes”, kuwa karibu kushindwa, kama bondia aliyebanwa kwenye kamba za ulingo. Merikebu za matanga zimeleta “know the ropes” na “learn the ropes”, kwa kuwa baharia mpya alipaswa kujua kila kamba na kazi yake. Neno ni moja, “ropes”, lakini wa kwanza amebanwa na wa pili ni mzoefu. Biblia imeleta “the writing on the wall”, dalili ya maangamizi yanayokuja, kutoka kisa cha karamu ya Belshaza katika kitabu cha Danieli, sura ya 5.

Vitenzi vyenye mkia navyo ni nahau, na ndivyo vinavyojaa katika sehemu ya nne ya Cambridge. “Put off” ni ahirisha, “put out” ni zima moto, “put up with” ni vumilia. Ukipewa neno “PUT” na sentensi ya kwanza inasema “tolerate”, mikia yote miwili lazima iandikwe. Anayeandika “put up the noise” amebakiza alama mezani.

Hatua ya 8: Maneno ya ziada na maneno yasiyofaa mahali

Rudi tena imekubalika kwetu. “Return back” na “repeat again” hazikubaliki katika mtihani, kwa kuwa “re-” imeshabeba maana hiyo. “The annual meeting is held every year” ina kosa hilo hilo. Katika ACT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, majibu manne yakisema jambo moja kwa urefu tofauti, fupi lisilopoteza maana ndilo lenye nafasi kubwa, lakini hakikisha halijatupa habari iliyokuwa muhimu. Na utazame hadhi ya maandishi: katika aya rasmi, “kids” na “a lot of stuff” haziketi vizuri hata kama sarufi yake ni safi.

Hatua ya 9: Daftari la makosa

Sipendi orodha za nahau mia tano. Watu huzisoma usiku mmoja na kuzisahau wiki ile ile. Kinachobaki ni kile ulichokikosea mwenyewe, ukakiandika kwa mkono wako.

Chora safu tatu. Ya kwanza, andika neno pamoja na jirani zake wote, usiandike “insist” pekee bali “insist on doing something”. Ya pili, andika ulichoweka wewe na sababu: “nilifuata -a ya Kiswahili”, “sikuona nomino”, “sikuijua kabisa”. Ya tatu, andika sentensi yako mwenyewe kuhusu jambo la kweli katika maisha yako. Safu ya sababu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Baada ya makosa thelathini hivi utaona kwamba sababu zako ni mbili au tatu tu zinazojirudia, na hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Rudia ukurasa kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Funika kihusishi kwa karatasi na ukitaje kwa sauti. Sauti ni muhimu, kwa sababu siku ya mtihani mara nyingi jibu litakuja kwanza kama mlio unaoufahamu, sababu itafuata.

Hatua ya 10: Ndani ya chumba cha mtihani

Pita kila swali mara moja kwa utaratibu ule ule: majibu, mwenye kuamua, jirani. Ukishindwa kuchagua kati ya mawili, weka kila moja katika sentensi fupi sana. “Capable of doing” au “capable to do”? Sema “I am capable of it” kisha “I am capable to it”. Sentensi fupi inaondoa kelele na sikio linafanya kazi yake.

Maswali ya kutafuta kosa yakiwa na jibu la “hakuna kosa”, usiliogope wala usilikimbilie. Lichague pale tu umekwisha kutaja kwa kidole kila kitenzi, kila kihusishi na kila jozi, ukapata kwamba vimekaa na watu wao. Na ukirudi mwishoni kubadilisha jibu, libadilishe kwa sababu umeona neno ulilolikosa, mfano “on” iliyokuwa imejificha upande wa kulia wa pengo. Usipoona neno jipya la kunyooshea kidole, liache jibu la kwanza lilivyo na uende kwenye swali linalofuata.